Geji za Dashibodi na Umeme Wake: Maswali Ambayo Madereva wa Arusha na Moshi Huuliza Mara kwa Mara

Wateja wengi wanaofika kwenye gereji yetu hapa Unga Limited, Arusha, huanza kwa kusema kwamba geji imekufa, ilhali mara nyingi geji yenyewe ni nzima kabisa. Mshale ulio mbele ya dereva hauyaoni mafuta, haujaguswa na maji ya rejeta, wala haujui gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Unachokijua ni umeme unaoufikia, na umeme huo umetoka mbali, ukapita kwenye fyuzi, waya, soketi na boliti za bodi kabla ya kuusukuma mshale. Majibu haya yanaifuata safari hiyo, kwa sababu anayeijua hawezi kuuziwa geji asiyoihitaji.

Mshale wa mafuta unajuaje kiasi kilichobaki kwenye tanki?

Ndani ya tanki kuna boya jepesi lililoshikwa na mkono wa waya mgumu. Mafuta yakiongezeka boya hupanda, yakipungua hushuka. Upande wa pili wa mkono huo kuna kijiguso kidogo cha metali kinachoteleza juu ya ukanda wenye ukinzani, yaani unaouzuia umeme kwa kiasi, na mahali kilipo kijiguso ndipo panapoamua umeme upite kwa wingi au kwa uchache. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, huingia kwenye geji, kisha hushuka kwa waya mmoja mrefu unaopita chini ya zulia hadi kwenye tanki, huvuka ule ukanda, na kurudi kwenye betri kwa kupitia bodi ya gari. Mzunguko huo ukikatika mahali popote, hata kama ni kwenye boliti yenye kutu iliyo nyuma ya gari, mshale utasema uongo.

Watengenezaji hawakukubaliana kipimo kimoja. Katika magari mengi ya Kijapani ukinzani huwa omu (kipimo cha ukinzani) chache tanki likiwa limejaa, na huzidi omu 100 likiwa tupu. Magari mengi ya Kimarekani ya General Motors yalitumia omu 0 kwa tanki tupu na omu 90 kwa tanki lililojaa, na mfumo wa VDO wa Ulaya huanzia omu 10 kwa tanki tupu hadi omu 180 kwa tanki lililojaa. Ndiyo maana boya la gari moja likifungwa kwenye tanki la gari la kampuni nyingine, mshale unaweza kwenda kinyume: unajaza mafuta, wenyewe unashuka. Nimewahi kuletewa gari la namna hiyo na mwenye nalo akiamini kwamba nyaya zimepishana, kumbe hakuna waya uliokosewa, ni lugha mbili tofauti za ukinzani.

Kuna aina ngapi za geji, na nitajuaje yangu ni ipi?

Tazama mshale unavyotembea mara tu unapogeuza ufunguo.

Ukipanda polepole, kwa sekunde kumi, ishirini au zaidi, hiyo ni geji inayosukumwa na joto, iwe inapima mafuta au joto la injini. Ndani yake kuna bamba la metali mbili zilizounganishwa mgongo kwa mgongo, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopashwa moto, hivyo bamba hujipinda. Waya mwembamba umezungushiwa bamba hilo, nao hupata joto kulingana na mkondo unaopita. Joto hulipinda bamba, na bamba huusukuma mshale. Kwa kuwa joto hutegemea volti, na volti za gari hubadilika kila mara, geji hizi huhitaji kidhibiti cha volti. Land Rover Series III, ambazo bado zipo katika mashamba ya kahawa ya huku, hutumia kidhibiti cha takriban volti 10. Land Cruiser za zamani za FJ40 zilikuwa na cha takriban volti 7. Kidhibiti kikiharibika kwa kupitisha volti zote za betri, geji ya mafuta na geji ya joto la injini hupanda kupita kiasi kwa pamoja. Nisisitize hapa: geji mbili zikikosea kwa wakati mmoja na kwa upande mmoja, usitafute kosa kwenye tanki wala kwenye injini. Litafute pale njia zao zinapokutana, yaani kwenye kidhibiti au kwenye waya wa bodi wa dashibodi, ule unaourudisha umeme kwenye chuma cha gari.

Mshale ukifika mahali pake ndani ya sekunde chache na kwa utulivu, huenda una geji ya koili. Koili mbili au zaidi zimewekwa zikielekeana kwa pembe, na katikati yake kuna sumaku ndogo iliyoshika mhimili wa mshale. Kila koili huivuta sumaku upande wake, na mshale hukaa pale nguvu hizo zinapolingana. Uzuri wake ni kwamba volti zikipanda kutoka 12 hadi 14, koili zote huongezewa nguvu kwa uwiano uleule, kwa hiyo mshale hauhami. Baadhi ya geji hizi zina mafuta mazito ya silikoni kwenye mhimili ili mshale usitetemeke, na nyingine hubaki palepale hata ufunguo ukitolewa. Mshale usiorudi chini baada ya kuzima gari hauna ugonjwa wowote katika geji za namna hiyo.

Katika magari ya karibuni mshale huzungushwa na mota ndogo inayokwenda hatua kwa hatua kwa amri ya kompyuta ya dashibodi. Kompyuta hiyo hupokea habari kutoka kwa kompyuta ya injini kupitia jozi ya nyaya zilizosokotwa pamoja, mfumo uitwao CAN, ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Hapa geji ya joto au ya mwendo haina waya wake binafsi wa kuifuata kwa testa. Kosa hutafutwa kwa mashine ya kupimia kompyuta ya gari.

Kwa nini mshale wa mafuta hubadilika ninapopanda Marangu au kuelekea Karatu?

Kwa sababu mafuta hukimbilia upande wa chini wa tanki, na boya liko mahali pamoja tu. Ukipanda kutoka Himo kwenda Marangu, au kutoka Mto wa Mbu ukikwea ukingo wa Bonde la Ufa, boya linaweza kuonyesha zaidi au pungufu kulingana na sehemu lilipofungwa. Magari mapya huchukua wastani wa muda mrefu ili mshale usiyumbe, jambo linaloeleza pia kwa nini baada ya kujaza mafuta huku ufunguo ukiwa umewashwa mshale huweza kuchelewa kupanda. Soma geji gari likiwa mahali pa tambarare. Katika Land Cruiser zenye matanki mawili, hakikisha kwanza swichi imeelekezwa kwenye tanki unalotaka kulijua.

Mshale wangu unarukaruka ukifika chini ya robo. Je, ninunue geji mpya?

Usinunue. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi kwenye Noah na Hiace zinazobeba abiria, na sababu yake huonekana kwa macho. Dereva wa daladala huweka mafuta ya elfu kumi au ishirini kwa wakati, kwa hiyo boya halifiki nusu ya tanki mwaka mzima. Kijiguso husugua kipande kilekile cha ukanda, barabara ya mashimo ikikitikisa juu chini mara maelfu kwa siku, mpaka ukanda unachimbika. Nikikitoa kifaa hicho na kukiweka kwenye mwanga, naona mistari miwili: sehemu ya juu inang'aa kama mpya, na sehemu ya chini ina mfereji mweusi ambao ukucha unaweza kuuhisi. Kijiguso kikifika kwenye mfereji huo umeme hukatika, kisha hurudi, kisha hukatika tena, na mshale hufuata.

Kusafisha ukanda kwa kitambaa laini na dawa ya kusafishia viungio vya umeme husaidia ikiwa ni uchafu tu. Ukiwa umechimbika, badilisha kifaa cha boya. Usitumie msasa, kwa kuwa unaondoa kile kidogo kilichobaki. Na kazi hii ifanyike nje, penye hewa, waya wa hasi wa betri ukiwa umefunguliwa kwanza, pasipo sigara wala mashine ya kukata vyuma karibu, maana mvuke wa petroli ni hatari kuliko petroli yenyewe.

Geji ya joto hupimaje, na kwa nini mshale hukaa katikati siku zote?

Sensa ya joto imefungwa kwenye njia ya maji ya injini, kwa kawaida karibu na thamostati, vali inayoyaruhusu maji kwenda kwenye rejeta. Ndani yake kuna themista, kipande ambacho ukinzani wake hupungua joto linapoongezeka. Sensa nyingi zinazoihudumia kompyuta ya injini katika magari ya Toyota huwa na kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20 za sentigredi, na kati ya omu 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Magari mengi ya miaka ya 1990 yana sensa mbili: moja yenye nyaya mbili kwa ajili ya kompyuta, na nyingine yenye waya mmoja kwa ajili ya mshale. Hii ya waya mmoja hurudishia umeme wake kwenye chuma cha injini kupitia hesi zake zenyewe, kwa hiyo fundi akiizungushia utepe mweupe wa bomba kwa wingi ili maji yasivuje, anaweza kuukata umeme usirudi, na mshale ukabaki kwenye C (baridi) huku injini ikichemka.

Kukaa katikati ni jambo lililokusudiwa. Watengenezaji walitambua kwamba madereva hushtuka wanapoona mshale ukicheza kwa mabadiliko madogo ya kawaida, wakaipanga geji ibaki katikati kwa nafasi pana, mara nyingi kutoka nyuzi 75 au 80 hadi zaidi ya 100. Maana yake ni kwamba mshale unapoondoka katikati kuelekea H (moto), injini tayari imekwisha kupata taabu muda mrefu, na dereva hana dakika nyingi za kufikiri.

Gari limechemsha, lakini mshale ulikuwa katikati au hata chini. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ningependa kila dereva anayepanda milima yetu alielewe jambo hili. Sensa imetengenezwa kupima joto la maji yanayoigusa. Bomba likipasuka na maji yakamwagika, sensa hubaki ikining'inia katika hewa au mvuke, ambavyo havipitishi joto kwa ufanisi kama maji. Chuma cha injini kinaendelea kupanda joto, lakini sensa inapoa au inabaki pale ilipokuwa, na mshale unaweza hata kushuka. Dereva anautazama, anaridhika, anaendelea. Silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, inapinda.

Kwa hiyo mshale unaoshuka ghafla wakati gari linavuta mlima, bila sababu yoyote, uchukuliwe kwa uzito uleule wa mshale unaopanda. Dalili nyingine ni hita: iwashe, na kama hewa inayotoka ni ya baridi huku injini ikiwa imefanya kazi nusu saa, maji hayazunguki. Simama, zima, na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe. Hapa Arusha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye takriban nyuzi 95, na kinachoyazuia yasichemke kwenye injini ni shinikizo linalohifadhiwa na kifuniko hicho. Ukikifungua injini ikiwa moto, maji hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni.

Nikiwasha taa za mbele usiku, mshale wa joto unapanda. Taa zinahusiana vipi na joto?

Hazihusiani na joto. Zinahusiana na njia ya kurudi ya umeme.

Mteja mmoja aliyekuwa akibeba ndizi kutoka Marangu kuja Arusha alinieleza kwamba gari lake linachemsha usiku tu. Alikwisha kubadilisha thamostati, akasafisha rejeta, na mahali fulani akauziwa geji nyingine iliyotumika. Niliomba tukae ndani ya gari injini ikiwa inanguruma, nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa bodi wa dashibodi na nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Taa zikiwa zimezimwa nilisoma volti 0.1. Alipowasha taa, ikapanda hadi volti 1.2, na mshale ukasogea palepale mbele ya macho yetu.

Maana yake ni hii. Taa za kumulikia dashibodi na geji zake hurudisha umeme wao kwa waya mmoja wa bodi. Waya huo ukiwa na kiungio kibovu, mkondo wa taa unaposhindwa kupita kwa wepesi huacha volti fulani juu yake, na dashibodi nzima huinuka kwa kiasi hicho kuliko chuma cha injini. Lakini sensa ya joto yenyewe imekaa kwenye chuma cha injini. Tofauti hiyo ya volti moja huingia katika hesabu ya geji, na geji huisoma kana kwamba ni joto. Nilifungua boliti iliyo nyuma ya paneli ya pembeni mwa miguu, upande wa dereva; jicho la waya lilikuwa limeota unga wa kijani. Nikalikwangua, nikalifunga upya, na tatizo likaisha bila kununua kitu. Mzee yule alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kuhesabu gharama za thamostati na geji aliyouziwa.

Kosa la aina hii hujitokeza kwa sura nyingi: indiketa zikiwaka mshale unacheza nazo, breki ikikanyagwa geji ya mafuta inashuka, honi ikipigwa taa ya dashibodi inafifia. Zote zinaelekeza kwenye bodi.

Taa ya oili imezimika. Je, nina oili ya kutosha?

Taa hiyo haipimi wingi wa oili. Inapima shinikizo, tena kwa namna ya ndiyo au hapana tu. Swichi iliyofungwa kwenye blok ya injini huunganisha waya wa taa na bodi wakati hakuna shinikizo, hivyo taa huwaka. Shinikizo likizidi kiwango kidogo, mara nyingi kati ya bar 0.2 na 0.5, swichi hufunguka na taa huzimika. Injini inaweza kuwa na upungufu mkubwa wa oili na taa isiwake mpaka siku pampu itakapovuta hewa kwenye kona. Kijiti cha kupimia hakina mbadala.

Mambo mawili ya kukumbuka. Taa ikiwaka ukiwa safarini, zima injini hapohapo, hata kama umebakiza kilomita mbili kufika Bomang'ombe. Na asubuhi, kabla ya kupiga stata, hakikisha taa inawaka unapogeuza ufunguo, kwa sababu waya uliochomoka kwenye swichi hukuachia taa isiyowaka kamwe, na hakuna kitu kitakachokuonya.

Taa ya chaji ina kazi gani zaidi ya kuonya?

Katika magari mengi ina kazi ya pili ambayo watu hawaijui. Upande mmoja wa taa hupata umeme kutoka kwenye swichi ya ufunguo, na upande wa pili umeunganishwa na alteneta, mashine inayozalisha umeme wa gari. Kabla injini haijawaka, alteneta haina volti, hivyo umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye taa, na kuingia kwenye koili ya ndani ya alteneta ukiipa usumaku wa kuanzia. Injini ikiwaka, alteneta huzalisha volti zake, pande zote mbili za taa zinakuwa sawa, na taa huzimika kwa kukosa tofauti ya volti.

Kwa hiyo balbu hiyo ikiungua katika alteneta za namna hiyo, alteneta inaweza kushindwa kuanza kuchaji, na dereva asione taa yoyote. Vivyo hivyo kwa anayeondoa balbu ya wati chache na kuweka LED isiyo na ukinzani wa kusaidia: mkondo unakuwa mdogo mno. Taa ikiwaka hafifu sana usiku, pima volti kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika, volti 12.6 ni betri iliyojaa. Injini ikinguruma unapaswa kuona kati ya 13.8 na 14.4 hivi.

Spidi mita ya kebo haina waya wa umeme. Inahusika vipi na mada hii?

Inahusika kwa namna ya kuvutia. Kebo kutoka kwenye giaboksi huizungusha sumaku ndani ya kikombe cha aluminiamu ambacho hakijagusana nayo. Aluminiamu haivutwi na sumaku, lakini sumaku inayozunguka huzalisha mikondo ya umeme ndani ya kikombe, mikondo hiyo huwa na usumaku wake, na kikombe huburutwa kuifuata sumaku huku springi nyembamba ikikizuia. Sumaku ikienda kasi zaidi, kikombe hujipinda zaidi, na mshale hupanda. Mjerumani Otto Schulze alisajili ubunifu huo mwaka 1902. Hivyo hata geji isiyo na fyuzi ilikuwa ya umeme tangu mwanzo.

Spidi mita za elektroniki huhesabu mapigo. Katika magari mengi ya Kijapani, mhimili wa spidi kwenye giaboksi huzunguka mara 637 kwa kila kilomita, na sensa hutoa mapigo manne kwa kila mzunguko, yaani mapigo 2,548 kwa kilomita. Dashibodi huhesabu mapigo kwa muda na kuyageuza kuwa kasi. Kumbuka kwamba inahesabu mizunguko, haiioni barabara: ukifunga matairi yaliyozidi ya awali kwa asilimia 5 ya kipenyo, kama wafanyavyo wengi wenye magari ya safari, mshale utasema 80 wakati gari linakwenda karibu 84. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidi mita kuonyesha kasi pungufu kuliko ile halisi, lakini inaruhusu ionyeshe zaidi kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ukiwa kwenye barabara ya Moshi hadi Arusha na kibao kinasema 50, matairi makubwa yanaweza kukuondolea nafasi hiyo ya usalama.

Na mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika?

Nao huhesabu mapigo. Injini ya petroli ya silinda nne yenye mipigo minne huchoma plagi mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 3,000 kwa dakika ni mapigo 100 kwa sekunde. Dizeli haina plagi za cheche, hivyo mapigo huchukuliwa kwenye sensa ya injini au kwenye alteneta. Ndiyo maana dizeli fulani za zamani zikiwa na mkanda wa alteneta uliolegea, RPM huyumba pia.

Geji zote zimezima kwa pamoja. Nianzie wapi?

Kwenye fyuzi. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna fyuzi ya ampea 10 iliyoandikwa GAUGE, nayo mara nyingi huhudumia pia taa za rivasi. Kama geji zimekufa na taa za rivasi haziwaki, umekwisha kupata jibu, lakini tafuta kwanza waya wa rivasi ulioguswa na bodi kabla ya kuweka fyuzi nyingine. Usiweke ya ampea kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara, kwa sababu kitakachoungua badala ya fyuzi ni waya wenyewe. Fyuzi ikiwa nzima, angalia waya wa bodi wa dashibodi, kisha soketi zilizo nyuma yake. Barabara ya kutoka lango la Ngorongoro kwenda Serengeti ina matuta madogo madogo yanayolegeza soketi ambazo mikono haiwezi kuzilegeza.

Naweza kupima geji mwenyewe nyumbani?

Kwa gari la zamani lenye waya mmoja kwenda kwenye sensa, unaweza. Chomoa waya kwenye boya au kwenye sensa ya joto, washa ufunguo bila kuwasha injini, na tazama mshale: katika magari mengi ya Kijapani utashuka hadi E au C. Kisha unganisha waya huo na bodi kupitia balbu ndogo ya dashibodi ya wati 3 hivi, ambayo huzuia mkondo usizidi, na mshale unapaswa kupanda kuelekea F au H. Ukipanda na kushuka hivyo, geji na waya ni vizima, na ugonjwa uko kwenye tanki au kwenye sensa. Usipohama, rudia jaribio nyuma ya dashibodi. Ukihama hapo, waya umekatika njiani. Kwa jaribio hili la dakika kumi nimeona watu wakiokoa fedha nyingi.

Usifanye hivyo kwenye gari lenye mfumo wa CAN au kwenye sensa ya nyaya mbili inayokwenda kwenye kompyuta. Hapo tumia mita ya omu sensa ikiwa imechomolewa, au mpelekee fundi mwenye mashine. Na waya wenye soketi ya njano usiuguse kwa testa kamwe: ni wa mifuko ya hewa.

Nikibadilisha dashibodi nzima kwa ya kutoka kwenye gari jingine, nini hutokea?

Katika magari yenye namba za kidijitali, kilomita huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya dashibodi, hivyo utarithi kilomita za gari lile. Andika tarehe na namba zote mbili kwenye kitabu cha matengenezo, na umwonyeshe atakayelinunua gari. Angalia pia kwamba toleo ni lilelile, kwa kuwa dashibodi ya gari lenye injini ya silinda sita itakosea RPM kwenye injini ya silinda nne.

Nimweleze fundi nini ninapoleta gari?

Mweleze ni lini kosa hutokea kuliko kumweleza ni kifaa gani unadhani kimekufa. Je, ni asubuhi injini ikiwa baridi, ni ukiwasha taa, ni baada ya mvua, ni baada ya kuosha injini kwa maji ya kasi, ni kwenye matuta tu? Je, ni geji moja au mbili? Mshale unapanda, unashuka au unatetemeka? Kama kosa huja na kuondoka, mwombe uliyenaye ndani ya gari aupige mshale video kwa simu wakati linapotokea, taa na indiketa zikionekana. Mwezi uliopita dada mmoja kutoka Kibosho alinionyesha video ya sekunde 15 ambamo mshale wa mafuta ulikuwa ukishuka kila alipokanyaga breki, na kabla hajamaliza kushuka kwenye gari nilikuwa nimekwisha kuchukua spana ya kumi, nikielekea kwenye boliti ya bodi iliyo karibu na taa ya nyuma.